Jiwe moja, bei mbili: namna ya kuangalia mawe yetu mazuri juu ya meza

Ile meza unaijua. Ubao mmoja juu ya ndoo mbili, au gunia limetandikwa chini, na juu yake mawe: ya kijani yenye mistari, moja la rangi ya waridi, jingine jeusi lenye kung'aa sawa kioo kilichovunjika. Kijana aliyekaa nyuma anapima macho yako kabla hujafungua kinywa. "Papa, karibu, angalia tu. Kuangalia haina feza." Unainama, unashika moja, unauliza: "Hii libwe iko ya wapi?" Anajibu bila kufikiri: "Ya huku tu, papa."

Hilo jibu, "ya huku tu", linamwibia yule kijana kila siku. Anajiibia mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba mahali jiwe lilipotoka ni sehemu ya bei yake. Leo tunaeleza hesabu hiyo inavyokwenda. Tutasema pia wazi ni mawe gani mtu asiyaweke kwenye meza kabisa, wala chini ya kitanda, hata yakiwa mazuri namna gani.

Depo na meza

Tuanze na kitu ambacho kila nyumba ya Likasi inakijua. Mchimbaji wa mikono, yule tunaita creuseur, akipata gunia la heterojeniti, anapeleka depo. Heterojeniti ni lile jiwe jeusi lenye kobalti. Halina uzuri wowote, linafanana na makala yaliyolowa. Kule depo wanachukua kidogo, wanasaga, wanaelekeza ile mashine ya mkono tunayoiita Metorex, namba inatokea: kobalti asilimia fulani, shaba asilimia fulani. Bei inafuata namba na kilo. Kama namba ni ya kweli au si ya kweli, hiyo ni makala nyingine. Ila hakuna anayeuliza jiwe lilikuwa na sura gani. Likivunjika vipande mia, kilo ni zile zile.

Meza ya mawe mazuri inakwenda kinyume kabisa. Malakiti safi, lile jiwe la kijani, ina shaba karibu asilimia 57. Lakini mtu aliyetoka Ufaransa au Marekani kutafuta malakiti hatayeyusha hata gramu moja. Ananunua sura. Jiwe la kilo 20 lililopigwa nyundo ovyo linaweza kukaa mezani mwaka mzima, na kipande kinachoingia ndani ya kisanduku cha plastiki cha sentimita 3 kikalipa minerval ya watoto. Wakusanyaji wa mawe wana hata daraja la vipande vidogo hivyo. Wanaviita kwa jina la ukucha wa dole gumba.

Kitu wanachokitafuta zaidi ni kristali. Kristali ni jiwe lililokua lenyewe ndani ya ufa wa mwamba, likatengeneza nyuso bapa na kona kali bila mtu kulichonga. Kona moja ikivunjika, bei inaanguka. Kona mbili, mnunuzi analirudisha mezani na kusema asante. Kwa hiyo nyundo ileile inayomsaidia mchimbaji kujaza gunia la depo, kwenye meza ndiyo adui wake wa kwanza. Mchimbaji anayejua atakata mbali na kristali, atachukua na sehemu ya mwamba ambamo zimeota. Ule mwamba wa chini, jiwe mama, hautupwi. Kristali zikiwa zimesimama juu ya jiwe mama lake, watu wanalipa zaidi kuliko zikiwa zimeng'olewa.

Mji uliobaki na mawe

Kule mashariki mwa Ufaransa, Alsace, kuna mji mdogo unaitwa Sainte-Marie-aux-Mines. Jina lenyewe linasema habari zake: Maria Mtakatifu wa migodi. Walichimba fedha pale, hasa katika karne ya 16, kisha migodi ikaisha. Leo wakaaji ni kama 5,000 hivi. Hawajazi hata mtaa wetu mmoja mkubwa. Lakini tangu 1963, kila mwaka mwezi wa Juni, barabara zinafungwa, mahema yanasimamishwa, jumba la teatro linajaa meza, na watu wanatoka dunia nzima kuuza na kununua mawe.

Kuna maonyesho makubwa kuliko hayo. Tucson, Arizona, Marekani, ilianza 1955 ndani ya shule ya msingi. Sasa kila Februari inajaza mahoteli na mahema ya mji mzima. Kuna München, Ujerumani, mwezi wa Oktoba. Ndugu zetu wa Tanzania nao wamefanya maonyesho ya vito Arusha, kwa ajili ya tanzanite, inayochimbwa Mirerani na si pengine duniani. Ila mimi ule mji mdogo wa Alsace ndio unaonisumbua. Wenyewe wameisha kumaliza kuchimba na wanakula kwa meza. Sisi ambao tunachimba mpaka leo hatuna hata barabara moja ambamo jiwe linauzwa na jina lake.

Na juu ya zile meza za mbali, Katanga haikosi. Utakuta malakiti ya Kolwezi, kalsiti ya waridi, na karoliti ya Kamoya inayong'aa kama fedha, kutoka upande wa jirani zetu wa Kambove.

Angalia namna watu wa kule wanavyotembea kati ya meza, maana mnunuzi anayekuja huku amejifunza kule. Haanzi na bei. Anaomba ruhusa ya kushika. Analishika jiwe chini, kwenye jiwe mama, hagusi kristali na vidole. Anatoa mfukoni lupe, kile kioo kidogo kinachokuza mara 10. Analigeuza, anaangalia nyuma na chini, mahali ambapo muuzaji hakupenda aangalie. Halafu anasoma karatasi ndogo iliyolala kando ya jiwe. Nyuma ya hayo yote ndipo anauliza bei, na ile karatasi ameisha kuihesabu.

Karatasi ndogo

Ile karatasi ni etiketi. Ina mambo matatu au manne tu: jina la jiwe, mgodi, mji, nchi. Pengine mwaka. Bila hiyo, jiwe ni zuri tu, kama pambo. Pamoja nayo linakuwa ushahidi: kitu hiki kilitoka ardhini mahali hapa. Mkusanyaji analipa kwa ajili ya ushahidi huo, na chuo kikuu au makumbusho haviwezi kulifanyia kazi jiwe lisilo na mahali.

Tena etiketi zina umri wake. Mtu akiona "Jadotville, Congo belge" anajua karatasi ni ya kabla ya 1960. Mji wetu ulibeba jina la Jadot mpaka 1966, ndipo ukarudi kuwa Likasi. Akiona "Shaba, Zaïre" anajua ni wakati wa Mobutu, kabla ya 1997. Akiona "Haut-Katanga", ni baada ya mikoa kukatwa mwaka 2015. Wenyewe wanaojua hawatupi etiketi ya zamani hata siku moja; wanaweka mpya juu, ya zamani inabaki chini yake, na bei inapanda kwa sababu ya lile rundo la vikaratasi. Historia ya nchi yetu imekunjwa ndani ya visanduku vya watu wa mbali.

Na sisi tumo ndani ya majina yenyewe. Mwaka 1955 wataalamu waliandika habari za jiwe jipya la rangi ya buluu, nitrati ya shaba, kitu kisichopatikana ovyo. Lilitoka mgodi wa Likasi, wakaliita likasite. Liko kwenye vitabu vya mawe vya dunia yote. Kuna kolwezite, kuna kipushite, na kasolite iliyopata jina lake Kasolo, pale pale Shinkolobwe. Kuna sengierite na cousinite, kwa majina ya mabwana wakubwa wa Union Minière, Edgar Sengier na Jules Cousin. Wazee watakumbuka kwamba makumbusho ya mawe ya hapa Likasi yaliitwa Sengier-Cousin kwa ajili ya hao wawili. Kuna cornetite ya mgodi wa Étoile, Lubumbashi, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa miamba aliyefika Katanga. Majina ya mabwana ni mengi, ndiyo. Majina ya wale walioshika sururu hakuna.

Na Kakontwe? Wengi hapa mtaani hawajui kwamba jina letu linasemwa na wataalamu wa miamba hata nje ya nchi. Ule mwamba wa chokaa tunaouona kila siku, ule wa kariyeri, walioupima waliupa jina la mahali hapa: chokaa ya Kakontwe. Jina hilo linatumika hata upande wa Zambia kwa miamba ya namna moja na ya wakati mmoja. Shaba na zinki ya Kipushi imelala ndani ya miamba hiyo hiyo ya Kakontwe. Mtoto wa hapa anaweza kufungua kitabu cha chuo kikuu cha Ulaya na kukuta jina la mtaa wake, wakati hapa kwetu mwamba ule ni vumbi la kusumbua nguo zilizoanikwa.

Chukua kipande cha chokaa yetu, kitonee maji ya ndimu au siki. Kitatoa povu dogo, linachemka kidogo. Ni kwa sababu ndani yake kuna kalsiti. Basi lile jiwe la waridi linalouzwa ghali, linalotoka Kakanda na pande za Kolwezi, ni kalsiti hiyo hiyo. Tofauti ni kobalti kidogo iliyoingia wakati kristali zinakua, ikaipa rangi. Hilo nalo ni laini, msumari unalikwaruza. Kwa hiyo usilifunge gunia moja na malakiti. Ukifika, utakuta ya waridi imekuwa unga.

Kijani si kimoja

Malakiti inazaliwa karibu na uso wa ardhi. Chini kuna shaba iliyoungana na salfa. Maji ya mvua na hewa yanashuka, yanailainisha, shaba inayeyuka ndani ya maji, inatembea kwenye nyufa, inakutana na miamba yenye kaboneti, inatulia pale. Tabaka juu ya tabaka, miaka mingi sana, sawa kitunguu. Ndiyo maana ukiikata unaona pete na mistari, ya kijani kikali na ya kijani cheupe. Mahali pengine ilidondoka kutoka juu ya pango dogo ikafanya vidole vinavyoning'inia. Hivyo vidole, vikiwa vizima, vinatafutwa sana.

Wahenga wetu waliijua kabla ya kampuni yoyote. Wayeke na Wasanga, wale walioitwa walaji wa shaba, waliokota malakiti wakaiyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakamwaga misalaba ya shaba iliyokuwa feza ya biashara na ya mahari. Kwao kijani kilikuwa alama: hapa chini kuna shaba.

Kuijua malakiti ya kweli si kazi ngumu. Ni nzito, karibu mara nne ya uzito wa maji, wakati jiwe la kawaida halifiki mara tatu na plastiki inapita maji kidogo tu. Ni baridi mkononi. Mistari yake haifanani: mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi, inapinda, inakatika. Ukiona mistari myeusi na ya kijani iliyopangwa sawasawa kama kitambaa cha kiwandani, na kitu chenyewe ni chepesi na vuguvugu, hiyo ni plastiki. Ukisugua malakiti nyuma ya kigae kisichong'aa inaacha alama ya kijani. Kisu kinaikwaruza.

Dioptazi nayo ni kijani, lakini kijani cha ndani, cha zumaridi, na inakuja kwa kristali kali zinazopitisha mwanga. Watu wa Katanga wameipata Tantara na kwingine. Hiyo usiiuze kwa bei ya malakiti, kijana. Na usiisugue na brashi ya chuma, inapasuka upesi.

Kuna kijani kingine ambacho si jiwe hata kidogo: kioo cha tanuru. Tulipo kuna tanuru, kuna takataka zake, na takataka ikipoa inaweza kuwa kioo kizuri cha kijani au cha buluu. Weka lupe. Ukiona mapovu madogo ya duara ndani, ni kioo. Si dhambi kukiuza, ila kiuze kama kioo.

Ya manjano, acha

Hapa ninaomba usome polepole.

Shinkolobwe iko kilometa kama 20 kutoka mji wetu. Iligunduliwa mwaka 1915. Kwanza watu wa Union Minière walitaka radiamu yake, kisha vita vilipokuja, urani yake ilivuka bahari: mwaka 1940 Sengier alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na baadaye yaliingia katika kazi ya bomu la atomu la Wamarekani. Mgodi ulifungwa rasmi karibu na uhuru. Watu walirudi kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti. Januari 2004 amri ya Rais ilikataza. Julai mwaka ule ule sehemu ya machimbo ilibomoka, watu wakafa.

Kwa wakusanyaji wa mawe Shinkolobwe ni jina kubwa sana, kwa sababu namna nyingi za mawe ya urani zilijulikana kwanza pale. Ni mazuri, tusidanganyane. Manjano ya limau, rangi ya machungwa ya kuwaka, sindano ndogo kama nywele. Huko kwenye maonyesho ya nje yanawekwa ndani ya kisanduku kilichofungwa, na karatasi inasema yana mionzi. Huku kwetu unaweza kumkuta mtu ameyafunga ndani ya kitambaa, mfukoni.

Mionzi haina harufu, haina joto unalolisikia, haiumi siku hiyo. Kinachoumiza zaidi ni vumbi: likiingia kifuani au tumboni linabaki ndani na kuendelea kupiga kutoka humo. Tena mawe haya yanatoa gesi inayoitwa radoni, ambayo nayo huioni. Ukiyaweka ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, gesi inajaa, na wewe unalala humo na watoto.

Namna ya kuyatambua kwa macho si ya uhakika, lakini kuna alama. Manjano kali au machungwa juu ya jiwe jeusi. Jeusi lenyewe likiwa zito kupita kawaida. Na kijani kimoja cha kudanganya: torberniti, vibapa vya mraba vilivyopangana kama kurasa za daftari, vya kijani cha majani mateke. Malakiti haina sura hiyo. Kuna pia nywele za kijani zenye urani, na hizo zinaweza kufanana na malakiti ya nywele, hata mtaalamu hatasema kitu kabla ya kuweka kipima mionzi. Hata heterojeniti ya mahali fulani inabeba urani kidogo, kwa hiyo creuseur naye asile mkate na mikono myeusi.

Kama unalo jiwe la namna hiyo nyumbani, usilivunje, usilisage, usilioshe ndani ya ndoo ya jikoni. Litoe ndani ya nyumba ya kulala, liweke mbali na watoto, nawa mikono vizuri, halafu uliza Division des Mines. Usiliuze kimya kimya kwa mtu asiyejua. Na kama mnunuzi anakuambia "leta ya manjano, nitalipa mara mbili", jua kwamba yeye atalishika dakika tano na wewe umelilalia miezi.

Malakiti yenyewe haina mionzi, lakini vumbi lake si chakula. Mafundi wanaokata na kusugua masanduku, mayai na shanga za malakiti, nawaomba: kata kwa maji, funika pua na mdomo, usipulize unga kwa kinywa. Fundi akitoka kazini na pua ya kijani, watu wanacheka. Si ya kucheka.

Mafuta, gundi na ndimu

Kuna tabia ya kupaka mawe mafuta yang'ae. Mnunuzi wa barabarani anafurahi. Mnunuzi wa maonyesho anasugua na karatasi nyeupe, karatasi inalowa, anaweka jiwe chini. Vernis ni vibaya zaidi kwa sababu haitoki. Jiwe la kristali linahitaji maji safi, brashi laini ya meno, na uvumilivu. Na kuna mawe ambayo hata maji hayapendi, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza.

Ndimu na siki ni za kupima kona moja ya chini, na tone moja tu. Malakiti inakula asidi na inapoteza ngozi yake, na ile ngozi ya velveti ambayo iliota maelfu ya miaka unaimaliza kwa dakika mbili za usafi.

Gundi: kristali imeanguka, mtu anaibandika. Sawa, sema umeibandika. Lupe inaonyesha ule mstari unaong'aa, na wengine wanabeba taa ndogo ya zambarau, gundi nyingi zinawaka chini yake. Ukikamatwa na gundi moja, mnunuzi hataamini na yale kumi ya kweli.

Kufunga nako kuna ufundi wake. Karatasi laini ya choo kwanza, inayoingia kati ya kristali bila kuzivunja, kisha gazeti, kisha boksi lisilo na nafasi ya kucheza. Kila jiwe peke yake na etiketi yake ndani. Barabara ya kwenda Lubumbashi unaijua mwenyewe.

Kuhusu sheria, kwa kifupi. Kuchimba kwa mikono kunahitaji karata ya mchimbaji na kunafanyika katika eneo lililotengwa. Hiyo iko katika Code minier ya 2002 na ile iliyorekebishwa 2018. Jiwe linalovuka mpaka linataka karatasi za serikali, na CEEC ndiyo ofisi ya kupima madini ya thamani na kutoa vyeti. Mtu anayekuambia karatasi hazina kazi, mara nyingi anatafuta wewe ubaki bila ushahidi wa ulichomuuzia.

Bei yenyewe siwezi kukuandikia, na anayekuandikia anakudanganya. Ila kuna jambo moja: mnunuzi akishika jiwe moja muda mrefu, akaliweka, akashika mengine matatu haraka haraka, kisha akauliza bei ya yote kwa pamoja, anataka lile la kwanza. Sema bei ya kila moja.

Nilirudi kwa yule kijana wa ubao juu ya ndoo. Lile la waridi lilikuwa bado liko, na kona zake zilikuwa nzima. Nikauliza tena lilitoka wapi.

"Si minakuambia, papa, ya huku tu."

"Huku wapi? Nani alikupatia?"

Akafikiri kidogo, akapiga simu kwa yaya yake. Wakaongea, wakabishana. "Anasema ni Kakanda. Anasema yeye mwenyewe njo aliitosha, mbele ya mvua."

Nikachana karatasi ya kayé, nikampa na biki. Akaandika: kalsiti ya kobalti, Kakanda, mwezi wa kumi. Akaikunja, akaiweka chini ya jiwe. Halafu akanitazama, akasema bei imebadilika.